Suruali tatu za mtumba, na hakuna hata moja inayonikaa

Mpendwa Fundi Mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri. Kama hukunizidi, basi pokea salamu tu. Mimi nina miaka 71, nimestaafu ukarani, miguu bado inanitii, macho nusu nusu.

Shida yangu ni nguo. Najua mzee akilalamikia nguo watu hucheka, lakini nisikilize kwanza. Katika miaka 44 ya ndoa sikuwahi kujinunulia hata soksi. Marehemu mke wangu ndiye aliyekwenda kwenye mitumba, akachambua, akarudi na mfuko wake na kunitandikia kitandani: shati hili, suruali hii, vaa tukuone. Nikivaa, imekaa. Sikumbuki hata siku moja aliyokosea. Suruali zote kibandiko kilisomeka 36, nami nikajijua kuwa mimi ni mtu wa 36 kama ninavyolijua jina langu.

Huu ni mwaka wa tatu tangu aondoke. Alizoniachia zimechakaa moja baada ya nyingine, na mwezi ujao mjukuu wangu wa kwanza anaolewa. Suti niliyo nayo imetoboka kiwiko. Basi nikajikaza, nikaenda kuchambua mwenyewe. Nilitoka alfajiri kabla watu hawajajaa, maana niliona haya kukutwa na watu wanaonifahamu nimeinama juu ya rundo.

Kijana wa kwanza aliponiona tu aliingiza mkono chini ya meza akatoa fungu la nguo za rangi ya udongo. "Mzee, zako hizi." Wa pili akataka kunivika jinzi iliyochanwa magotini, eti itanirudisha ujanani. Hapakuwa na pazia wala kioo, na mimi si mtu wa kuvua suruali hadharani, kwa hiyo sikujaribu kitu. Nilinunua suruali tatu, zote 36, na koti moja la kijivu, nikaondoka mbio.

Nyumbani, suruali ya kwanza ilikataa kufunga. Ya pili ilinivuka. Ya tatu inafunga, lakini mkanda unakaa chini ya tumbo, na nikiketi inanikata. Zote 36! Koti nililiroweka kwenye maji ya moto na sabuni ili kuondoa harufu ya dawa ya nondo, nikalipiga pasi, likaota malengelenge kifuani kama lililomwagiwa uji. Nadhani niliuziwa koti bovu.

Juu ya hayo, binti yangu, ambaye huja kunifulia kila Jumamosi, alizikuta akakasirika kuliko nilivyotarajia. "Baba, nguo za marehemu humu ndani za nini?" Anasema ataninunulia mpya. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe amekua ndani ya nguo hizo hizo. Nilipomkumbusha alinyamaza, akaingia chumbani kuweka mashuka kabatini, akatoka na kwenda zake bila kuaga vizuri. (Nusu ya kabati lile bado ni ya mama yake. Hatujaigusa.)

Nisaidie. Mtu ajuaje kipimo chake bila kuvua nguo mbele za watu? Koti zuri hutambuliwaje? Na je, mzee wa umri wangu anafaa kuonekana kwenye rundo, au nimwachie binti aninunulie?

Wako,
Mzee wa Suruali Tatu

*

Mzee mwenzangu,

Marahaba, nimekuzidi mwaka mmoja. Nimekaa nyuma ya cherehani karibu maisha yangu yote, na kazi yangu kubwa ilikuwa kurekebisha nguo za mtumba za wanaume. Suruali zako tatu nimeshaziona mara nyingi, na wenyewe huja nazo wakiwa wamekasirika vile vile.

Tuanze na hiyo 36, maana ndiyo iliyokuponza. Namba hiyo ni inchi za kiuno, yaani kama sentimita 91, au ndivyo ilivyokusudiwa. Kila kiwanda hukata kwa kielelezo chake. Vingi vimejifunza kumbembeleza mteja: kiuno cha sentimita 96 kinabandikwa 36 ili mnunuzi atoke dukani akijiona hajanenepa. Vingine hukata kwa ubahili. Na yako ni ya mtumba, imeshapita maji mara nyingi. Pamba husinyaa, na huenda kuna fundi aliyeibana au kuitanua zamani bila kugusa kibandiko. Utakutana pia na namba za bara Ulaya. Suruali ya suti iliyoandikwa 52 kwa namba hizo iko karibu na 36 yako, na koti la 52 ni sawa na 42 ya Uingereza na Marekani. Kwa makoti unapunguza 10 tu. Kibandiko kikuonyeshe pa kuanzia kupekua, basi. Kuna jambo jingine kuhusu 36 yako linalonitia shaka, nitalirudia mwishoni.

Kipimo unaondoka nacho nyumbani. Chukua suruali moja miongoni mwa zile alizokununulia mkeo, hata kama imechakaa, mradi ukiketi haikubani. Itandaze mezani, funga zipu na kifungo, nyoosha kiuno, pima kutoka pembe hadi pembe kwa futi ya fundi, kisha zidisha kwa 2. Hicho ndicho kiuno chako, chochote kibandiko kinachosema. Halafu pima urefu wa mguu kwa ndani, kutoka msambani hadi chini.

Kipimo cha tatu wanaume wengi hawakijui, na ndicho kilichoiharibu suruali yako inayokaa chini ya tumbo. Anzia pale mishono minne inapokutana katikati ya miguu, panda kwa mbele hadi ukingo wa juu wa kiuno. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtindo ulishusha suruali, wakazikata fupi hapo mbele, na marundo yamejaa hizo mpaka leo. Kijana asiye na tumbo hasumbuki. Kwa watu kama sisi, mkanda unapanda kutafuta kiuno, haukifikii, unateleza na kujikalia chini. Kipimo hicho kikiwa kati ya sentimita 28 na 31 utaketi kwa raha, na kama suruali ina marinda mbele ni bora zaidi, kwa sababu marinda hufunguka unapoketi na kujifunga unaposimama. Vijana huziona suruali za marinda za kizee, wanazirusha pembeni. Waache wazirushe.

Andika vipimo vitatu kwenye karatasi, tia futi mfukoni. Huhitaji pazia tena. Tena utaona jambo: muuzaji akimwona mzee anatoa futi na kupima kimya kimya, ile "zako hizi" humkauka mdomoni.

Kuna watakaokwambia zungusha kiuno cha suruali shingoni, ncha zikikutana itakutosha. Hiyo ni hesabu ya vijana. Uzeeni shingo hukonda na tumbo huongezeka, na suruali yako ya kwanza, ile iliyokataa kufunga, ingefaulu mtihani huo bila shida.

Ukipata suruali ya suti inayokaribia kukutosha, usiiache kabla ya kugeuza kiuno chake kwa nyuma. Kwenye mshono wa katikati, suruali nyingi za kitambaa huachiwa akiba ya nguo, mara nyingi ya kutosha kuongeza sentimita 3 au zaidi. Jinzi haina akiba hiyo, ikibana imebana. Angalia pindo la chini pia. Kama kuna nguo iliyokunjwa ndani, mguu unaweza kurefushwa, ila kama kitambaa kimepauka, mstari wa pindo la zamani utabaki unaonekana, na hakuna pasi itakayoufuta. Mapajani kwa ndani, inua nguo juani. Ukiona mwanga unapenya, imeshalika. Na kama makalio yako yamepungua kama yangu, kila suruali itakuteremka hata mkanda ukikazwa hadi pumzi ikwame. Vaa saspenda. Zimenirudishia heshima ambayo mkanda ulininyang'anya.

Sasa koti. Hapa lazima niwe mkweli: hukuuziwa koti bovu, uliliharibu mwenyewe. Kati ya kitambaa cha nje na bitana kuna tabaka la katikati linalolipa koti umbo. Kwenye makoti mengi tabaka hilo limebandikwa kwa gundi. Maji ya moto na pasi huilegeza gundi, kitambaa kinaachia vipande vipande, na hayo ndiyo malengelenge uliyoyaona. Sijawahi kuona dawa yake inayodumu. Koti la suti haliingii kwenye beseni. Harufu ya naftalini, hiyo dawa ya nondo, huondoka kwa upepo: litundike kivulini siku kadhaa, ligeuze ndani nje, vumilia.

Siku nyingine, kabla hujanunua, bana sehemu ya mbele ya koti chini ya kifungo cha mwisho kwa vidole viwili, upande wa nje kwa kidole kimoja na wa ndani kwa kingine, kisha vuta taratibu. Ukihisi kuna tabaka la tatu linalotembea peke yake katikati, limeshonwa kwa mkono au kwa namna hiyo, nalo litakuzika. Ukihisi vipande viwili tu, cha nje kikiwa kigumu kidogo, ni la gundi. La gundi si baya, mradi halijaanza kuvimba. Litazame kwa pembeni kwenye mwanga, malengelenge hujificha ukilitazama usoni.

Koti hulipimi kwa futi, unalivaa palepale juu ya shati. Hapo hakuna aibu. Anza na mabega, na usisogee mpaka mabega yakubali. Simama ubavu karibu na ukuta au nguzo, jiegemeze. Kama pedi ya bega inagusa ukuta na kubonyea kabla mkono wako haujafika, koti ni pana mno. Mikono hupunguzwa kirahisi, tumbo hutanuliwa kama kuna akiba kwenye mishono, lakini bega ni kuvunja nyumba na kuijenga upya. Mimi nilikuwa naikataa kazi hiyo nikiwa na nguvu zangu.

Baada ya mabega, mwombe mtu akutazame kwa nyuma. Miaka imetuinamisha kidogo, hata wewe unayesema miguu inakutii. Mgongo ukijikunja, kola huachana na shingo, koti linapanda nyuma na kuning'inia mbele. Simama kama unavyosimama kila siku, usijinyooshe kama unapigwa picha, ndipo mtazamaji atakwambia kweli. Kola ikiachana kidogo fundi anaweza kuirudisha. Ikiachana vidole viwili, liache koti.

Alfajiri, mzee, ndiyo saa mbaya kuliko zote. Najua ulikimbia macho ya watu, lakini ulikimbia na mwanga. Kadiri tunavyozeeka lenzi ya jicho hugeuka manjano, na buluu iliyokolea na nyeusi huwa kitu kimoja. Nimewahi kurekebisha "suti" ambayo koti lake lilikuwa buluu na suruali nyeusi, na mwenyewe aliapa ni jozi. Nenda jua likiwa limepanda, na ubebe kitu unachokijua kuwa ni cheusi, hata soksi, uweke nguo kando yake. Mwanga huo huo utakuonyesha matundu ya nondo. Anayekula nguo ni kiwavi wake, nondo mwenyewe aliyekomaa hali, na kiwavi huyo hupenda sufu. Angalia chini ya kola na kwapani kabla ya kwingine. Nguo ya sufu usiyo na uhakika nayo ifunge kwenye mfuko wa plastiki na kuilaza kwenye friza wiki mbili. Ya pamba ioshe kwa maji ya nyuzi joto 60.

Shati nitalipita haraka. Namba ya kola ndiyo namba yenye haya kuliko zote, hudanganya mara chache: 16 ni karibu sentimita 41. Kunja kola uone mkunjo wake kwa ndani kama haujachanika. Zamani tulikuwa tukiifumua kola iliyochakaa, tunaigeuza, upande mzima unakuja juu na shati linapata maisha ya pili. Kazi ya nusu saa. Siku hizi wachache huiomba, lakini ukimpata fundi wa makamo muulize, atafurahi. Madoa ya manjano kwapani kwenye shati jeupe yaache hapo hapo. Na jaribu kifungo kimoja kwa vidole vyako mwenyewe. Shati la mwanangu lenye vifungo vidogo mimi siwezi tena kulifunga asubuhi ya baridi. Viatu vya mtumba sikushauri. Soli imeshakubali mguu wa mtu mwingine, na sisi kuanguka si mchezo.

Umri wako unafaa kwenye rundo kuliko umri wa yule kijana. Una muda, una subira, na unajua kitambaa kizuri kinavyolala mkononi. Tena harusi ni mwezi ujao, kwa hiyo nunua wiki hii au ijayo, umwachie fundi nafasi ya kufanya kazi bila kukukasirikia.

Nimebakiza la binti yako, na hapa naingia nyumbani kwako bila kubisha hodi. Nguo za mtumba zilipoanza watu waliziita kafa Ulaya, na mzaha huo haukumzuia mtu kuvaa. Nyingi zimetolewa na watu wazima wenye afya walionenepa au waliochoka na rangi. Baadhi ni za marehemu kweli. Katika makoti ya kushonesha, ndani ya mfuko wa kifuani, wakati mwingine kuna kijitambaa chenye jina la mteja na tarehe, na mimi nimeshakata vichache kwa kimya huku nikimwombea mwenye jina. Lakini binti aliyekua ndani ya mitumba haanzi kuiogopa ukubwani. Alitamka neno marehemu, kisha akaenda kulifungua lile kabati. Sidhani alikuwa anazungumzia suruali zako.

Nguo za mama yake zimening'inia pale miaka mitatu, na kila Jumamosi yeye ndiye anayeweka mashuka kando yake. Wewe unalala chumba kimoja nazo, labda umeshazizoea. Siku moja mtu atalazimika kuamua ziende wapi, na nguo za namna hiyo huishia kwenye robota, kwenye meza ya mtu, mikononi mwa mzee asiyejua zilikuwa za nani. Labda aliiona safari hiyo yote alipoona suruali zako. Mimi simjui, huenda nimekosea. Wewe unamjua.

Usimkatalie suti mpya kwa ukali, wala usiikubali kwa ajili ya amani tu. Mwombe mwende pamoja kuchambua. Sema ukweli kwamba macho yako hayatofautishi buluu na nyeusi, na kwamba unahitaji mtu wa kukutazama mgongoni. Jumamosi nyingine, akiwa tayari, mfungue ile nusu ya kabati pamoja, hata kama mtaifunga tena bila kutoa kitu.

Kabla ya yote hayo, kuna kazi ndogo ya kufanya leo. Nilisema 36 yako inanitia shaka. Mwanaume kuvaa kiuno kimoja kwa miaka 44, na kila nguo ikamkaa bila kujaribu, sijawahi kuona mezani kwangu. Chukua zile suruali alizokuletea, zigeuze ndani nje, tazama mshono wa nyuma katikati ya kiuno. Ninavyotarajia, utakuta mistari miwili: mmoja wa matundu madogo ya sindano yasiyo na uzi, na mwingine uliohamia pembeni, wenye uzi usiofanana sana na ule wa kiwandani. Inawezekana mkeo alikuwa akipitia kwa fundi kabla ya kufika nyumbani, na kibandiko akakiacha kisomeke 36.

Kama ndivyo, pima kwenye mshono wa pili. Kisha muonyeshe binti yako.

Fundi Mshauri